Nataka kusomea jinsi mtu anavyosikia na kutambua usemi. Niende idara gani?

Mdadisi_Isimu ameuliza:

Wakuu, naomba mwongozo. Nimemaliza shahada ya kwanza ya isimu na nataka kuendelea na uzamili. Swali linaloninyima usingizi ni hili: kinachotoka kinywani mwa mtu ni mtikisiko wa hewa tu, sasa inakuwaje mimi nasikia maneno? Mhadhiri wa isimu ameniambia hilo ni la watu wa saikolojia. Wa saikolojia akanielekeza sayansi ya neva. Wa neva wanasema bila msingi wa baiolojia nitateseka. Uhandisi nao wana programu za kutambua sauti, na falsafa wana kozi nzima kuhusu utambuzi. Je, wote hawa wanachunguza kitu kimoja, au kila mmoja na lake? Nianzie wapi?

Chwi_Chwi:

Nenda saikolojia mkuu, usipoteze muda. Ndiko kwenye majaribio. Isimu ni sarufi na miti ya sentensi.

SikioPana:

Mdadisi, nafanya kazi kwenye maabara ya fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, na kwa hili siafikiani na Chwi_Chwi hata kidogo. Saikolojia ni njema, ila kuichagua kwa sababu isimu "haina majaribio" ni kutoijua historia ya swali lako.

Utafiti uliolijenga swali hilo ulifanyika Haskins Laboratories, Marekani, katika miaka ya 1940 na 1950. Walikuwa wanatafuta mashine ya kuwasomea vipofu. Wazo lilikuwa jepesi: kila herufi ipewe mlio wake, kipofu ajifunze milio hiyo. Ikashindikana. Milio ikienda kwa kasi ya usemi wa kawaida, masikio hayaifuati tena. Kumbe usemi hauko hivyo. Tazama basi ni nani waliokaa chumba kimoja kulitatua: Alvin Liberman, mwanasaikolojia, Franklin Cooper, mtu wa fizikia na uhandisi, Pierre Delattre, mwanafonetiki. Cooper alitengeneza mashine iliyogeuza michoro ya sauti kuwa sauti yenyewe. Unapaka mistari kwa brashi, mashine inaitamka.

Kwa mashine hiyo wakaona jambo ambalo hadi leo nikilifundisha linanisisimua. Chora "di", kisha chora "du". Sikio linasikia "d" ile ile. Lakini kwenye mchoro, ule mstari wa pili wa mwangwi, tunaouita fomanti ya pili, katika "di" unapanda kutoka kama Hz 2200 (mitetemo 2200 kwa sekunde) hadi 2600, na katika "du" unashuka kutoka kama 1200 hadi 700. Hakuna kipande wanachoshirikiana. Ukiukata mstari huo unaopanda au kushuka ukausikiliza peke yake, husikii "d", unasikia mluzi. "D" unaisikia pale tu inapokuja na irabu yake.

Ukitaka kushuhudia mwenyewe, pakua Praat, ni programu ya bure ya kuchambua sauti. Rekodi "mtoto anakata mti" kwa kasi yako ya kawaida. Utatafuta kimya kati ya "mtoto" na "anakata" usikione. Kimya kimejificha ndani ya "kata", pale ulimi unapoziba hewa kabla ya kuiachia "t". Mipaka ya maneno unayoisikia imewekwa na wewe msikilizaji.

Sasa idara zinagawana wapi? Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake waliwapima watoto wachanga wa mwezi 1 na wa miezi 4. Mtoto ananyonya chuchu bandia iliyounganishwa na kifaa, akizoea "ba" unyonyaji unapungua, ukimbadilishia "pa" unaongezeka tena. Tofauti ya sauti hizo ilikuwa milisekunde 20 za kuchelewa kwa mtetemo wa koo, na watoto waliitambua pale tu ilipovuka mpaka ambao watu wazima husikia sauti mbili. Wengi wakasema, basi, binadamu kazaliwa na kipaji maalumu cha usemi. Mwaka 1975 Patricia Kuhl na James Miller wakamfundisha chinchila, mnyama mdogo mgugunaji, kutofautisha sauti za namna hiyo, naye akaweka mpaka karibu pale pale, ingawa si binadamu. Mwanabaiolojia akiona hapo anauliza kuhusu sikio la mamalia. Mwanaisimu anauliza kwa nini lugha zimeupenda mpaka huo. Data ni ile ile.

Na usiwasahau wanaisimujamii, wanaochunguza lugha ndani ya jamii, hakuna aliyekutajia. Mwaka 1999 Nancy Niedzielski aliwasikilizisha watu wa Detroit, mji wa jimbo la Michigan, Marekani, sauti ya mzungumzaji mmoja, akawataka wachague irabu waliyoisikia. Walioambiwa anatoka Kanada walichagua irabu tofauti na walioambiwa anatoka Michigan. Masikio yalipokea kitu kimoja, wakasikia viwili! Uchunguzi wa neva peke yake hautakueleza hilo.

Falsafa isome pembeni. Uhandisi, jifunze angalau kuchakata sauti.

Mama_Tiba:

Niongezee kutoka hospitali, natibu matatizo ya usemi. Wapo wagonjwa, wachache sana, ambao baada ya kiharusi wanasikia mlango ukigongwa, wanasoma, wanaandika na kuzungumza, lakini ukiwasemesha hawaelewi kitu. Kipimo cha usikivu kinaweza kuonyesha masikio mazima. Ukimwona mgonjwa wa hivyo, unaelewa kwamba kusikia sauti na kutambua usemi ni kazi mbili. Mdadisi, popote utakapokwenda, omba nafasi ya kukaa kliniki.

Mdadisi_Isimu:

Asanteni sana. SikioPana, nimerekodi ile sentensi, na kweli kimya kiko ndani ya "kata"! Lakini kwenye fomu natakiwa nijaze idara moja. Na baiolojia sina.

SikioPana:

Jaza isimu, tawi la fonetiki, kwa sharti moja: kabla ya kutuma, uliza kama kuna maabara na kama wanaruhusu msimamizi wa pili kutoka idara nyingine. Wakikataa la pili, tafuta chuo kingine. Baiolojia utakayoihitaji mwanzoni ni ya sikio na njia ya neva hadi kwenye gamba la ubongo, muhula mmoja unatosha. Ninachokuhimiza zaidi ni takwimu, anza sasa hivi. Majibu ya msikilizaji mmoja hubadilika kila ukirudia sauti ile ile, na usipojua kuushughulikia mtawanyiko huo hutaweza kusoma makala za saikolojia wala za neva, achilia mbali kuandika yako. Na ile rekodi usiifute. Fungua spektrogramu yake, yaani ule mchoro wa sauti, uitazame "t" ya "kata" na ile ya "mti", kisha uniandikie hapa umeona nini kwenye fomanti ya pili.