Nguzo ya kipimo cha theluji (ECT) imekatika nusu: mteremko unapitika?

Barafu_Kavu
Wakuu, nisaidieni kusoma kipimo cha nguzo ndefu (ECT), kile cha kukata nguzo ya theluji shimoni na kuigonga juu ya beleshi kuona kama tabaka dhaifu litakatika na kuleta poromoko. Ni bonde la Dischma, Davos, Uswisi, mteremko unaotazama kaskazini, mita 2,400. Shimo limechimbwa penye mwinamo wa nyuzi 33, juu yake panafika 37. Theluji ina kina cha sm 110. Pigo la 14 limekata tabaka lililo sm 45 kutoka juu, ila ufa umeishia katikati ya nguzo. Taarifa ya SLF (taasisi ya Uswisi ya theluji na maporomoko) inasema hatari ya poromoko ni ngazi ya 3, tabaka dhaifu la zamani. Ufa kutofika mwisho ni ruhusa?

MzeeBeleshi
Si ruhusa. Andika ECTN14 (N ni ufa usiofika mwisho, 14 ni pigo), kisha kagua ukataji wako. Upana sm 90 kukingama mteremko, sm 30 kuelekea juu, na nyuma ikatwe kwa kamba yenye mafundo mpaka chini ya tabaka dhaifu. Nyuma ikibaki imeshikana, ufa hukwama na nguzo inakudanganya. Beleshi lilazwe ncha moja ya nguzo, si katikati (kosa la kila siku hili). Mapigo 10 ya kifundo cha mkono, 10 ya kiwiko, 10 ya bega. Mkono uanguke kwa uzito wake tu. Na punje za tabaka hilo zikoje?

Barafu_Kavu
Kama sukari, mm 2 hivi. Ukizifinya hazigandamani.

MzeeBeleshi
Ndiyo hizo. Theluji ikiwa nyembamba na usiku wa baridi kali, chini hubaki karibu na sifuri huku juu kukiganda. Tofauti ikizidi nyuzijoto 1 kwa kila sm 10, mvuke hupanda na punje huota pembe, zikaacha kushikana. Hazitengemai kwa siku mbili. Tena karibu na miamba bamba la juu (theluji iliyoshikana juu ya tabaka dhaifu) huwa jembamba kuliko hapo shimoni, na uzito wa mtu mmoja unatosha kuamsha ufa.

Nyuzi35
Mimi nisingefika hata kwenye beleshi. Kwa kanuni ya Werner Munter, mwongoza milima wa Uswisi, ngazi ya 3 ni mwinamo chini ya nyuzi 35, na unahesabu sehemu kali kuliko zote katika mteremko mzima, si pale uliposimama. Hiyo 37 imeshaamua. Tena ukisikia "wumm" chini ya miguu (mlio wa tabaka dhaifu likiporomoka), au ufa ukikimbia mbele ya ski, matokeo ya shimo yatupe, hata nguzo ikivumilia mapigo yote 30.