Makumbusho ya mji wetu yanawaita wazee jioni ili wapambe viti, kisha yanawanyamazisha

Ndugu wa Lubumbashi, pamoja nanyi mlioko mbali lakini mna wazazi huku, nimesubiri wiki tatu nzima kabla ya kuandika, nikitumaini kwamba hasira itapoa, nayo haikupoa. Jumba la makumbusho ninalolisema sitalitaja jina. Wanaohudhuria mazungumzo yake ya jioni watalitambua, na wasimamizi wake wakisoma hapa watajitambua wenyewe. Lalamiko langu ni moja: yanatangazwa kuwa ni mazungumzo ya hadhara, lakini hadhara haipewi nafasi ya kuzungumza, na mtu wa hadhara akibahatika kupewa kipaza sauti, maneno yake yanageuzwa kabla hayajafika mbele ya ukumbi.

Kijana mmoja wa makumbusho hayo alikuja nyumbani kwetu Katuba mara mbili kumtafuta baba yangu mkubwa. Walikuwa wakiandaa jioni juu ya mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya shaba, Desemba 1941, na walikuwa wamesikia kwamba babu yetu alikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliokusanyika kwenye kiwanja cha mpira tarehe 9 ya mwezi ule, na kwamba mwanawe huyu ndiye aliyeyashika masimulizi yake. Mzee alizaliwa 1946. Aliingia kazini 1966, kampuni hiyo ya shaba ikiwa bado inaitwa Union Minière, akaona mwaka uliofuata ikichukuliwa na serikali, akafanya kazi kwenye tanuru mpaka 2003, alipotoka pamoja na wenzake zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. (Neno hilo «hiari» linastahili uzi wake peke yake.) Kijana alimwambia kwa heshima zote: «Papa, siku ile tutakuja kukusikiliza wewe.» Mzee akaamini. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo alinyoosha koti lake kwa pasi ya makaa, kisha akatoa katika bahasha ya kaki kadi ya mposho ya babu, ile iliyokuwa ikitobolewa kila mara familia ilipochukua unga na samaki wake, matobo yamepangana pembeni mpaka kona moja imekaribia kukatika.

Tangazo lilisema saa 18:00 na likasema «wazi kwa wote». Tulipofika, mlinzi wa mlango alituomba kadi ya mwaliko. Nilimwonyesha tangazo kwenye simu, akalitazama, akasema yeye hajui habari za simu, yeye ameambiwa kadi. Tulisimama hapo, mzee wa karibu miaka 80 akiwa ameegemea ukuta, mpaka yule kijana alipopita kwa bahati na kutuingiza. Safu mbili za mbele zilikuwa na karatasi juu ya viti, zimehifadhiwa kwa ajili ya wakubwa, na mkubwa mmoja ndiye tuliyemngoja mpaka saa 19:20, kwa kuwa bila yeye haikuwezekana kuanza. Alipofika alipiga picha, akakaa dakika zisizozidi ishirini, akaondoka na walinzi wake katikati ya maneno ya msemaji. Mzee wetu, ambaye ndiye aliyeahidiwa kusikilizwa, alipewa kiti cha plastiki karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo jenereta ilinguruma kiasi kwamba hata mimi mwenye masikio mazima nilikuwa nadaka neno moja na kukosa matatu.

Sitamsingizia msemaji kwamba hakujua kitu. Alisoma, na alisoma sana. Alieleza kwamba vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei za vitu sokoni huku shaba ya Katanga ikihitajiwa na jeshi la upande wa Uingereza. Kwamba wafanyakazi Wazungu walidai nyongeza kupitia chama chao wakaipata. Kwamba Waafrika walipodai yao waliambiwa warudi kazini. Alimtaja gavana wa jimbo, Amour Maron, aliyefika kiwanjani na askari, akamtaja Léonard Mpoyi, aliyesimama kuwasemea wenzake akauawa palepale. Hayo yote ni mambo ambayo kila mtoto wa mji huu anapaswa kuyajua. Lakini aliyasoma kwa dakika hamsini, kwa Kifaransa cha vitabu, macho yakiwa kwenye tarakilishi yake, na nyuma nilipoketi walikuwepo akina mama wa Kenya na Kamalondo, mitaa ya mji wetu, waliotoka mbali wakiwa na vitenge vyao vya sikukuu, ambao katika dakika hizo hamsini walishika tarehe tu. Mmoja wao aliniuliza kwa sauti ya chini: «Anasema ni wangapi walikufa?» Nilimjibu kwamba hesabu ya wakoloni na hesabu ya watu wa kambi za wafanyakazi hazijawahi kukubaliana. Akatikisa kichwa, akasema baba yake alikuwa akisema hivyo hivyo.

Ndipo mwongozaji wa jioni akamwita mzee. Alimwita kwa jina la ukoo alilolikosea, akamwambia: «Papa, kwa ufupi, dakika mbili.» Mzee alisimama, akavua kofia, akaanza kwa Kiswahili chetu cha hapa kama anavyosimulia nyumbani: «Bantu balikutanaka pa kiwanja.» Watu walikutana kiwanjani. Mwongozaji, ambaye alijitwika pia kazi ya ukalimani bila kuombwa, akawageukia wa mbele na kuwaambia kwa Kifaransa kwamba siku hiyo watu walikuwa wamekwenda kutazama mpira. Ukumbi ukacheka. Ninarudia ili anayesoma haraka asipite: katika jioni iliyoandaliwa kuwakumbuka watu waliopigwa risasi wakidai mshahara, mtoto wa mmoja wa waliokuwepo alifungua mdomo, na ukumbi ukacheka.

Mzee wetu anakijua Kifaransa. Hakisemi kwa madaha, lakini alifanya kazi miaka 37 akipokea amri kwa lugha hiyo, kwa hiyo alielewa vizuri kilichofasiriwa. Alijaribu kusahihisha. Alisema hapana, si mpira, walikwenda kwa sababu ya mshahara, na baba yake alirudi kambini jioni ile akiwa na kiatu kimoja. Hapo kipaza sauti kilichukuliwa mkononi mwake, taratibu, kwa tabasamu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, mwongozaji akamshukuru «kwa ushuhuda wake mzuri», akatangaza kwamba kokteli iko tayari uani. Kokteli hiyo nayo ilikuwa ya wenye kadi.

Nilirudi pale Jumanne iliyofuata kuuliza kwa adabu. Nilijibiwa kwamba jioni hizo zina wafadhili wake, na kwamba Kifaransa ndicho «lugha ya mihadhara». Basi na tuulizane. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za kitaifa, lakini tuache hata katiba. Mji huu uliozinduliwa mwaka 1910 kwa jina la malkia wa Ubelgiji uliwakusanya watu wa Kasai, wa Rwanda na Burundi, wa ng'ambo ya mpaka katika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na wenyeji wa Katanga yenyewe, na lugha iliyowakutanisha kambini na kazini ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1965, kabla mji haujaitwa Lubumbashi, watumishi wa nyumbani, wapishi na maboi waliokuwa wakiwafulia Wazungu mashuka, walikuwa na chama chao, na katika chama hicho iliandikwa historia ya mji mzima kwa Kiswahili cha hapa hapa. Wanazuoni wa ng'ambo wameichapisha na kuifasiri kwa heshima. Ikiwa mtumishi wa nyumbani aliweza kuiandika historia ya mji kwa Kiswahili mwaka 1965, nani ameamua kwamba leo haiwezi kuzungumzwa kwa Kiswahili ndani ya makumbusho ya mji uleule?

Linalonichoma zaidi ni kwamba ndani ya nchi yetu kumbukumbu ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao walipewa muda. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa shanga na michongo, ambao watu wa chama cha mbudye waliusoma kwa ncha za vidole, wakisimulia safari za wafalme. Makumbusho yanapenda sana kueleza habari za ubao wa namna hiyo, lakini msomaji wa ubao akija na miguu yake, amevaa koti lililopigwa pasi ya makaa, anapewa dakika mbili.

Saa yenyewe ni tatizo, ingawa sitakaa sana hapo. Giza huku linaingia karibu na saa 18:00 mwaka mzima. Mazungumzo yakianza 19:20 yanakwisha saa ambayo basi za Ruashi na Katuba zimeadimika, na teksi ya kukodi inataka fedha ambayo kwetu ni chakula cha siku mbili. Wanaoweza kukaa mpaka mwisho ni wenye magari. Jumamosi saa 14:00 ingetosha kabisa, na jenereta isingehitajika.

Sasa nifike kwenye kadi. Kabla ya kuanza, mfanyakazi mmoja alimwomba mzee kadi ya mposho «kwa ajili ya kupigwa picha tu», akaenda nayo ndani. Hatukupewa karatasi yoyote ya kupokelea. Jioni ile tuliambiwa mwenye ufunguo ameondoka. Jumanne niliambiwa iko kwa mhifadhi, na mhifadhi yuko safarini. Wiki ya pili nikapeleka barua, ikagongwa muhuri, nikabaki na nakala yangu, na mpaka leo hakuna jibu. Vilevile walirekodi sauti na picha za ukumbi mzima. Niliomba nakala ya maneno ya mzee peke yake, sekunde zile chache, nikaambiwa rekodi ni mali ya mradi. Maneno ya baba yangu mkubwa juu ya baba yake mzazi yamekuwa mali ya mradi!

Ninachodai hakihitaji mfadhili. Kadi irudi mikononi mwa mzee, kisha ikiwa wanaitaka kwa maonyesho waje waiombe kwa karatasi yenye saini mbili. Rekodi itolewe nakala. Mkalimani awe mtu anayekijua Kiswahili cha mji huu, si yule anayekikumbuka kutoka kwa yaya wake. Na wakisema jioni ni ya kumsikiliza mzee fulani, basi mzee aanze, msomi afuate, kwa sababu msomi ana vitabu vya kusemea siku nyingine na mzee hana.

Mwisho nina ombi kwa mtu nisiyemjua. Upande wa dirisha, safu ya tatu kutoka nyuma, aliketi dada mwenye kitambaa cha njano kichwani aliyekuwa amenyanyua simu yake wakati mzee anazungumza, na nadhani aliendelea kurekodi hata baada ya kipaza sauti kuchukuliwa, kwa sababu mzee aliendelea kusema peke yake kwa muda kabla ya kuketi, na mimi kwa ngurumo ya jenereta sikusikia alichosema. Yeye mwenyewe anakataa kukirudia. Dada, ukisoma hapa, tafadhali niandikie.