Mrejesho: oili iliyokuwa inavuja

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu oili inayodondoka chini ya injini ya gari langu; fundi alishaniambia ni sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea upande wa gia boksi), kwa hiyo gia boksi ishushwe ili kuifikia. Asanteni sana mlionisisitiza nioshe injini kwanza, niwashe, kisha nichunguze kuanzia juu. Kumbe ni gasketi ya tapeti kava, yaani mpira wa kuziba chini ya mfuniko wa juu wa injini! Oili ilikuwa inateremka kwa nyuma na kugusa egzosi, ndiyo ile harufu ya kuungua. Gasketi ya zamani nilipoikunja ikakatika kama biskuti. Nimefunga mpya, silikoni kidogo kwenye kona tu, boliti nikazikaza kidogo kidogo kuanzia katikati. Leo siku ya 5, boksi la karatasi nililotandika chini ya gari bado kavu. Nimefurahi mno.