Mapambo ya jukwaa yanaishia jalalani, wenzangu mnafanyaje?

Mchonga Jukwaa:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ndiye ninayechonga na kupaka rangi mapambo ya jukwaa kwenye kikundi chetu cha maigizo hapa Nkuhungu, Dodoma, mwaka wa saba sasa. Jumamosi tulimaliza onesho kwenye ukumbi wa kukodi (siutaji, bado tunauhitaji). Mwenye ukumbi akasema saa nne usiku tuwe tumetoka, kesho yake asubuhi ana harusi. Stoo hatuna. Tembe, ile nyumba ya jadi ya Wagogo, niliyoijenga kwa wiki mbili, na mlango wake na paa lake, ikavunjwa kwa nyundo ikatupwa uani. Lile povu jeupe linalokuja na friji mpya, nililolichonga likawa mawe, mlinzi akalitia kiberiti. Moshi mweusi tii. Koti langu linanuka hadi leo.

Nimesoma kwamba Uingereza wamejiwekea mwongozo unaoitwa Theatre Green Book, ulianza 2021. Kiwango cha kuanzia: nusu ya vitu vya onesho viwe vimeshatumika kwingine, na asilimia 65 vije vitumike tena. Hiyo nusu kwetu si habari, ufukara ulishatufundisha. Mbao zangu zote zilitoka kwa mafundi wa zege, misumari niliinyoosha mwenyewe. Hiyo 65 ndiyo inanishinda. Mnajenga vipi kitu kikarudi, na mnakiweka wapi?

Fundi Waya:
Pole mkuu. Ila umelia na mbao, jenereta hujaitaja. Mnatumia taa ngapi? Kama ni zile za mkebe za wati 1000, kumi na mbili tu ni wati 12,000. Umeme ukikatika hapo mnakodi jenereta kubwa la dizeli, linanguruma kuliko mwigizaji. LED za wati 200 kumi na mbili ni 2,400, unawasha kwa kijenereta cha kubeba watu wawili. Na waigizaji hawatoki jasho rangi ikawachuruzika usoni. Tahadhari moja: zile za bei chee zinafanya ngozi yetu ionekane ya kijivu, kama watu wamepakwa majivu. Kabla hujalipa, zimulike kwenye mkono wako.

Mjukuu wa Chamwino:
Taa za nini saa kumi jioni? Kwetu bibi zetu wanapiga ngoma ya muheme uwanjani, jua lipo, vumbi ndilo zulia. Fanyeni maonesho chini ya mbuyu, bili sifuri.

Mchonga Jukwaa:
Mjukuu, tulijaribu Agosti mwaka jana. Upepo wa Dodoma unaujua. Ukuta ulimwangukia mfalme katikati ya hotuba, watu wakadhani ndiyo igizo lenyewe, wakapiga makofi.

Kibwagizo:
Watazamaji wenyewe arobaini, nyie mnajadili moshi 😂

Mama Maleba:
Kibwagizo, hao arobaini ndio waliouvuta huo moshi. Mwanangu Mchonga, kosa lako ni msumari. Ukipigilia umeshaamua kuvunja. Sisi tulikata fremu zote kipimo kimoja, futi nne kwa nane kama plaiwudi ilivyo, tunazifunga kwa bolti na nati za bawa, hakuna spana. Juu tunawamba kitambaa cha marekani, si plaiwudi. Mwaka huu ni ukuta wa tembe, mwakani tunapiga chokaa unakuwa hospitali. Fremu moja ninayo imepakwa mara tisa, imekuwa nzito kama mlango wa jela. Rangi ya udongo changanya na uji wa muhogo, inashika. Ila usiiache nje, mbuzi wa jirani alinilia dirisha.

Kingine: fremu zikilala chini mchwa hawatakuachia kitu. Ziinue juu ya matofali. Na usipake oli chafu ya magari kama mafundi wanavyoshauri, inapenya kwenye nguo za jukwaani na mvua ikija inateremka ardhini.

Mchonga Jukwaa:
Shikamoo mama. Bolti nimeelewa, hata aibu naona. Lakini stoo?

Mama Maleba:
Marahaba. Tuna kontena Kizota, nusu lipo wazi. Sharti: ukiweka chako, na sisi tukikihitaji tunakichukua. Mlango wako wa tembe umepona?

Mchonga Jukwaa:
Mlango upo, nilirudi kuuokota Jumapili. Bawaba moja imeng'oka. Na fremu tatu.

Fundi Waya:
Jumamosi nina bajaji ya mizigo, inakwenda Kizota tupu. Uwe tayari saa mbili asubuhi, na uje na futi kamba. Mlango wa kontena ni mwembamba kuliko unavyodhani.