Friji mbovu, TV ya kichogo na maikrowevu: nivitoe vipi bila kuacha sumu mtaani?

Mkaazi wa Ntinda

Ndugu zangu, nahama mwisho wa mwezi na stoo ina vitu vitatu visivyotengenezeka tena. Kuna friji ya milango miwili iliyokufa kompresa (lebo ya nyuma inasema gesi ni R134a, gramu 130), TV ya kichogo ya inchi 21, na maikrowevu. Vijana wa chuma chakavu wanataka friji tu, tena waing'oe kompresa hapa hapa uani waniachie sanduku. TV hawaitaki hata bure. Gari la taka limekataa vyote. Utaratibu sahihi ni upi, na nikimwita fundi nimwambie afanye nini hasa?

Fundi Baridi, Katwe

Nyabo, usikubali kompresa ing'olewe uani. Wanakata mrija kwa koleo, gesi inapiga mluzi dakika moja imekwisha, oili inachuruzika mpaka getini. Gramu 130 ni kama si kitu, lakini R134a hunasa joto angani zaidi ya mara 1,400 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Hiyo friji moja ni karibu kilo 186 za hewa ya ukaa.

Kompresa kufa si gesi kwisha. Kama koili za ndani ndizo zilizoungua, gesi bado imo, ila imechafuka kwa asidi, kwa hiyo iende kwenye mtungi wa gesi chafu, isichanganywe na ile itakayojazwa friji ya mtu mwingine. Mwambie fundi hivyo kabla hajaja, aje na mtungi unaofaa.

Akifika, mtazame hapa: kwenye kompresa kuna mirija mitatu ya shaba, mmoja ni mfupi na ncha yake imebanwa. Huo ndio wa kujazia. Anafunga juu yake vali ya kutoboa, ile ya vipande viwili inayokazwa kwa skrubu, anaunganisha mpira kwenye mashine ya kunyonya gesi, na mashine kwenye mtungi uliokaa juu ya mizani. Mizani ndiyo shahidi wako. Ikipanda gramu 110 au 120, kazi imefanyika. Ikipanda 20 tu, ama friji ilikuwa inavuja zamani ama gesi imejificha kwenye oili. Amwagie kompresa maji ya moto, angoje robo saa, anyonye tena. Moto wa gesi usikaribie hapo, maana R134a ikipita kwenye ndimi za moto inatoa asidi ya floridi, na hiyo inachoma mapafu.

Asiye na mashine anaweza kutumia mtungi mtupu uliovutwa hewa yote, ukalazwa kwenye beseni la barafu. Baridi inavuta gesi yenyewe. Haitoki yote, ila sehemu kubwa. Mtungi wowote usipite asilimia 80 ya ujazo wake, kwa sababu gesi iliyo maji hutanuka jua likipanda, na mtungi uliojaa pomoni hauna pa kupeleka hilo tanuko.

Baada ya gesi, mrija ukatwe kwa kikata mirija cha gurudumu na ncha zibanwe. Ndani ya kompresa kuna oili kama robo lita. Tafadhali isiende kupakwa nguzo za uzio dhidi ya mchwa, hasa ikitoka kwenye kompresa iliyoungua. Iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko lenye jina lake.

Pita Njia, Busia

Mnajisumbua bure. Ng'oa nyaya zote, choma plastiki kwa tairi kuukuu, uza shaba, sanduku litupe kwenye mtaro.

Mkusanya Taka, Bwaise

Pita Njia, ssebo, shaba iliyochomwa inanunuliwa bei ya chini kuliko iliyomenywa, kwa sababu imeungua na kupata magamba meusi. Kwa hiyo hata kibiashara umepoteza. Ganda la waya ni PVC, plastiki yenye klorini. Moshi wake hutoa dioksini, sumu kali, unatua kwenye mboga za jirani na kwenye vumbi ambalo kuku wanadonoa. Kisu cha kumenyea na jioni moja vinatosha.

Nyabo wa Ntinda, nianze na TV, maana hiyo ndiyo inayotupwa vibaya kuliko zote. Kioo cha nyuma kilicho kama faneli kina oksidi ya risasi zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake. Risasi hiyo imefungwa ndani ya kioo, na ikiwa nzima haikudhuru sebuleni. Shida inaanza kikivunjwa. Vijana huvunja shingo ya kioo, ile sehemu nyembamba kama kidole gumba, ili wachomoe koili ya shaba iliyoizunguka. Ndani hakuna hewa, kwa hiyo kioo kinaweza kujikunja kwa ndani na vipande vikaruka. Koili inauzwa, kioo kinaachwa kwenye nyasi. Kiteezi, jalala la Kampala, kabla rundo halijaporomoka tarehe 10 Agosti 2024, palikuwa na watu waliopekua taka kwa mikono mitupu. Kioo chako kikifika mahali pa namna hiyo, wanaokishika ni wao.

Kwa hiyo TV usiifungue kabisa. Ibebe uso ukielekea kifuani, kwa sababu uzito wote uko mbele, na kwenye gari ilaze uso chini juu ya godoro au gunia. Mpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, naye muulize swali moja: kioo kinaishia wapi? Akijibu habari za shaba tu, mwache. Kampala kilifunguliwa kituo cha taifa cha taka za kielektroniki mwaka 2021, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kukuambia kioo hakina pa kwenda.

Na usiuze friji peke yake. Friji ndiyo chambo. Mwambie anayetaka kompresa achukue vyote vitatu kwa bei moja, hata kama bei itashuka. Ukishatoa friji, TV itabaki nawe mpaka mwenye nyumba aitupe korongoni.

Mkaazi wa Ntinda

Asanteni sana. Na maikrowevu? Mdogo wangu anataka kuifungua achukue sumaku.

Fundi Baridi, Katwe

Mzuie kwanza. Ndani kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayokaa na chaji ya zaidi ya volti 2,000. Huwa ina rezista ndani ya kuimaliza chaji, lakini rezista ikikatika hakuna dalili yoyote kwa nje. Kuchomoa plagi hakutoshi. Fundi anashika bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, mkono mmoja mfukoni, anagusisha vichwa viwili vya kapasita kwa pamoja, kisha kila kichwa na bodi ya chuma. Ikiwa ilikuwa na chaji utasikia mlio kama fataki na bisibisi itapata kovu.

Sumaku anazozitaka ni mbili za duara, ziko kwenye magnetroni, kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupikia. Kwenye magnetroni hiyo kuna pia pete ya kauri, nyeupe au ya waridi. Nyingi ni za alumina, hazina neno. Chache zina oksidi ya beriliamu, na vumbi lake ni sumu kali kwa mapafu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hivyo asigonge nyundo wala kusaga.

Halafu friji, nilisahau: siku ileile kompresa inapotoka, milango yote miwili itoke pia. Bawaba zinafunguka kwa spana namba 8 au 10. Friji iliyolala uani na mlango wake ni mtego wa mtoto anayecheza kibemasa. Ule mpira wa sumaku unafunga, na ndani hewa inakwisha upesi.

Mzee wa Jinja

Wanangu, na friji ya mafuta ya taa, aina ile iliyokuwa ikitunza chanjo vijijini? Haina kompresa. Ipo moja stoo, na maungio ya nyuma yana unga wa njano.

Fundi Baridi, Katwe

Shikamoo mzee. Hiyo usimruhusu fundi yeyote wa kawaida aiguse, mimi mmojawapo. Haina R134a wala R12, gesi za friji za kompresa. Ndani ya mabomba kuna amonia, maji na gesi ya haidrojeni, vyote kwa shinikizo kubwa, pamoja na sodiamu kromati iliyowekwa kuzuia kutu. Unga wa njano ndiyo kromati, maana yake inavuja. Ukivutwa pumzini husababisha saratani, kwa hiyo usifagiwe wala usifutwe mkavu. Vaa glavu na barakoa, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya unga, kiokote na ukifunge kwenye mfuko wa plastiki wa peke yake. Acha madirisha ya stoo wazi, sigiri na taa ya koroboi zikae mbali. Bomba lisikatwe wala kutobolewa. Iondoke ikiwa imesimama, nzima, na anayeichukua aambiwe neno "amonia" kabla hajaipandisha garini.

Mzee wa Jinja

Marahaba. Na mfuko wenye kile kitambaa uende wapi?

Mkusanya Taka, Bwaise

Uende na friji yenyewe, mzee, umefungwa kwa kamba kwenye mguu wake.