Naombeni ushauri: mtoto kaniuliza "na mimi nipo wapi?" kwenye bendera

Madam wa Moshi
Habari zenu wakuu. Nafundisha darasa la nne hapa Moshi. Juzi ilikuwa bendera ya taifa, mnajua watoto wanavyoitikia, kijani ardhi na mimea, njano madini, bluu maji, mpaka madirisha yanatetemeka. Kufika kwenye nyeusi nikasema kama nilivyofundishwa mimi, hii ni sisi watu weusi. Nina mtoto mwenye ualbino, anakaa dawati la mbele sababu ya macho, akanyoosha mkono taratibu, "Madam, na mimi nipo wapi?" Darasa likanyamaza kimya. Nikamwambia na wewe upo, kengele ikagonga. Tangu siku hiyo sina raha. Jumatatu narudi na kipindi hichohicho, naanzia wapi bila kumfanya aangaliwe na wenzake?

Mangi Kiboriloni
Pole madam. Hapo kwanza toa neno "weusi", sema wananchi. Nyeusi ni watu wa Tanzania, basi, na kwenye mtihani jibu ni hilohilo.

Ticha mstaafu
Mangi yuko sawa ila mtoto hakuuliza ya mtihani. Mimi nisingeanza na rangi, ningeanza na bendera mbili. Tanganyika 9 Desemba 1961 ilipandisha ya kijani, katikati mstari mweusi umebanwa na njano huku na huku. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 wakawa na bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini. Tukaungana 26 Aprili 1964, na hii ya sasa ikaanza 30 Juni mwaka huohuo. Wachore zote mbili halafu waulize kipi kimetoka wapi, wataona wenyewe njano imetoka bara, bluu imetoka visiwani, ila nyeusi na kijani kila upande ulikuja nazo. Yani watu walikuwepo kote kote.
Na hii ya sasa wengi wanakosea kuchora, mstari mweusi wanaushusha. Waambie unaanzia chini kwenye mlingoti unapanda, kama mtu anapanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kijani inabaki juu bluu chini. Hapo hapo wafungulie dirisha, waambie usiku ule wa uhuru mwanajeshi Alexander Nyirenda aliweka mwenge na bendera kule juu, ile ya Tanganyika lakini, sio hii.

Mama wa Pasua
Mimi wangu ana ualbino, yuko la sita. Madam nakuomba usimwite mbele kumweleza, atajisikia yeye ndo somo. Chora bendera kubwa kwenye manila, kila mtoto aandike jina lake ndani ya ile nyeusi, na wewe andika la kwako, yeye aandike zamu yake ikifika kama wenzie. Na zamu ya kupandisha bendera usimruke, asubuhi jua bado halijakali, kofia avae.

Madam wa Moshi
Mama wa Pasua Mungu akubariki, nimesoma hii mara tatu. Shikamoo ticha, bendera mbili naanza nazo. Kesho napita Mbuyuni kununua manila. Swali, nikipaka rangi ya maji nyeusi chaki nyeupe itashika kweli?

Mama wa Pasua
Inashika kidogo ila ikiguswa inafutika. Nunua karatasi nyeusi ukate mstari ubandike, na herufi waandike kubwa ili na yeye ayasome majina ya wenzake.