Wajukuu wa Bi Zena 🌴

*Da Zuhura, 7:12:* Asalaam aleikum jamani. Roma siku nne, likizo ya skuli ya Oktoba, mimi, Salma na Nasri. Nani mwengine yuwaja? Nataka jibu LEO ndege zapanda bei kila nikifungua simu

*Da Zuhura, 7:50:* Nawaona mumesoma

*Mjomba Athman, 8:31:* Ciao bella 😂 nichukueni mimi mkalimani, jikoni Watamu miaka yote ile tulikuwa twaongea Kiitaliano tu

*Fauz:* Mjomba Kiitaliano chako ni safari blu ya boti za watalii na quanto costa, yaani bei gani

*Mjomba Athman:* Sasa si ndicho chenye kazi

*Da Zuhura:* Tusitoke kwa mada. Sisi wa paspoti ya Kenya karatasi za kuishi Uingereza hazitusaidii, lazima visa ya Schengen ya kuingilia Italia, yuro 90 kila mtu na Nasri alipa kama mkubwa kwa vile ashapita 12, na miadi za visa London zaisha mapema kuliko mahamri

*Da Zuhura:* Tiketi ya Colosseum, uwanja wao wa kale, yaandikwa jina na mlangoni waangalia paspoti, kwa hivyo nitumieni majina ya kwenye paspoti SIO ya nyumbani. Nasri chini ya 18 aingia bure lakini lazima abukiwe. Makumbusho ya Vatikani halipo hilo la bure, na Jumapili wafunga isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na foleni yake hiyo mimi siiwezi

*Fauz:* Kwa hivyo Mjomba ataandikwa Athman Bomba?

*Mjomba Athman:* 🤣🤣🤣

*Bakari, 10:04:* Ijumaa mutaswali wapi

*Da Zuhura:* Roma ina msikiti mkubwa tangu 1995 Bakari usitafute sababu

*Mjomba Athman:* Sasa nisikizeni bila mzaha. Mkate mukiuliza waseme una strutto, wacheni, hayo ni mafuta ya nguruwe. Na kahawa kunyweni mumesimama kaunta, mukikaa mezani bei yageuka

*Rehema, 11:40:* Na pesa akusanya nani? Yule yule wa Lamu?

*Da Zuhura:* Rehema ya Lamu tuliyamaliza

*Rehema:* Uliyamaliza wewe. Mimi risiti ya jahazi mpaka leo sijaiona

*Bakari:* Jahazi lenyewe halikutoka Shela 😂😂

*Da Zuhura:* Bakari wewe nyamaza kabisa, wewe ndiye uliyesema nahodha ni rafiki yako

*Nasri, 13:22:* mi sitaki makumbusho. san siro je

*Da Zuhura:* Huo uwanja wa mpira uko Milano babangu. Kutoka Roma ni treni ya kasi kama masaa matatu, kwenda tu

*Nasri:* basi twende milano

*Mjomba Athman:* Mtoto ana hoja

*Salma, 18:09:* Nimetoka kazini sai. Zuhura fomu ya mtoto yataka sahihi ya wazazi wawili. Ulikuwa wajua?

*Da Zuhura:* Hilo si kubwa Salma, tutaandika barua tueleze hali ilivyo

*Nyanya, 18:47:* Ni Nyanya naandikiwa na Mwana. Zuhura, Nasri ana baba, yu hai, yuko Mombasa. Mulimpeleka mtoto Ulaya akasikia kwa watu. Sasa sahihi yake mumeikumbuka. Salma ampigie mwenyewe amuombe kwa adabu, sio barua. Na akikataa asitukanwe humu. Nasri atakuja Malindi, Wataliano wako tele hapa awaone bure

*Fauz amefuta ujumbe huu*

*Da Zuhura, 19:30:* Nimesikia Nyanya

*Mjomba Athman:* Salma namba yake ninayo ukiitaka

*Salma, 21:15:* Ninayo

*Da Zuhura, 21:16:* Haya basi mimi nashika miadi ya watu wazima kwanza, tiketi za ndege nazingoja mpaka Ijumaa, sio Jumamosi. Rehema waja ama huji nijue chumba ni cha wangapi

*Nasri, 22:58:* kwa hivyo ni milano?